Sahani Moja Imebaki

Wamekuja tena wenye kalamu.
Basi lao limezima injini mbele ya shule,
theluji ya Machi imegeuka uji wa kijivu,
nami, mkalimani wa kukodiwa kwa siku,
nimesimama baina ya lugha mbili
nikilibeba swali lilelile la mwaka jana:
Siri yenu ni nini?

Mwalimu mkuu Urve Kallaste hana papara.
Anavua miwani, anaipangusa kwa pindo la sweta.
Namba yetu, anasema, tuliisikia redioni
tukiwasaidia wadogo kuvua mabuti.
Wanacheka kwa adabu. Wanaandika: unyenyekevu.

Wanataka sentensi moja ya kumpelekea waziri wao,
inayoingia mkobani bila kukunjwa.
Yeye anawapa maktaba: vyumba viwili, jiko la kuni,
vitabu vilivyolegea majalada kwa kushikwashikwa.
Anawapa Heldur, mwalimu wa hesabu,
ambaye mkaguzi hajampigia hodi miaka kumi na minne,
na bado husahihisha madaftari kwa penseli
ili mtoto aweze kuifuta aibu yake.
Anawapa bibi yake mwenyewe,
aliyewafunza wanawe kusoma
kwa kitabu kimoja cha nyimbo za kanisa,
madirisha yamezibwa kwa blanketi,
miaka ile kitabu kilipokuwa shahidi wa mashtaka.

Kwa hiyo ni historia? anauliza mmoja, kalamu hewani.
Au baridi? mwingine anadakia. Watoto hawana pa kwenda?
Nafasiri. Urve anatazama nje.
Labda, anasema.
Neno jepesi kulifasiri,
zito kuliweka kwenye ripoti.

Sikuwaambia,
maana si kazi ya mkalimani kuongeza chumvi,
kwamba nilisoma hapa.
Dawati la tatu, kando ya bomba la joto, lilikuwa langu.
Robo na theluthi zilinizunguka kichwani kama nyuki
hadi Heldur, kijana wakati ule, nywele zikingali zake,
akaja na mkate mweusi na kisu, akaniambia:
Utakula ulichokokotoa.
Nilikokotoa vibaya. Nilikula kidogo.
Sijasahau hadi leo.

Sikuwaambia pia kwamba Heldur ana miaka sitini na saba,
tangazo la nafasi yake limebandikwa tangu Agosti
na aliyepiga simu ni mmoja tu:
aliuliza mshahara, akashukuru, akakata.
Wala habari za Ranno, ambaye siku ya mtihani ule wa dunia
alikuwa zizini na mama yake, mikono hadi viwiko,
wakimvuta ndama aliyekuja kinyumenyume.
Ranno hayumo katika wastani wa mtu yeyote.

Mchana wakaletewa supu ya kabichi.
Mwanamke mmoja wa msafara, kimya tangu asubuhi,
akaenda hadi kidirisha cha jikoni
akamuuliza mpishi, kwa kinywa changu,
mbona anahesabu sahani kwa sauti.

Ziko tisini na moja, akasema Maimu.
Ikibaki moja rafuni namwambia Urve,
naye anapiga simu nyumbani.
Kila siku?
Maimu akamtazama kama aliyeulizwa kama maji hulowesha.
Kila siku watu hula.

Leo imebaki moja.
Mwanamke yule akaitazama, nyeupe, kavu,
ufa mwembamba ukingoni.
Kalamu yake ilikuwa mfukoni na huko ikakaa.

Nje dereva akapiga honi.
Wenzake walikuwa wakipiga picha ubao,
milinganyo ya Heldur, nusu imefutwa,
kama vile siri ingekuwa pale kwenye chaki.
Urve alikwisha fika koridoni, simu sikioni,
akizungumza polepole lahaja yetu ya kusini,
ile ambayo hakuna anayenilipa niifasiri:

Ranno, mwanangu,
safari hii ndama amesimama?