Supu Isiyopashwa

Matango matatu kutoka Kibuye,
nyanya sita zilizoiva hadi shingoni,
hoho moja, kitunguu nusu
(nusu tu, vidonda vya mdomo havipendi ukali),
dhania kidogo. Ndimu nimeirudisha kapuni.
Muuguzi alisema: kitu baridi, laini,
kinachoteleza bila kuuliza njia.

Stima imepotea tangu saa nne.
Blenda imekaa kama mgeni asiyejua lugha.
Nimerudi kwenye jiwe la bibi,
nasaga, nachuja kwa kitambaa,
kijani kinanitiririka hadi kiwikoni.
Mama Akeyo wa samaki kanikopesha barafu
inayonukia mbuta kwa mbali.
Nimeizungushia sufuria kwa nje, isiguse ndani.
Jua la Nyalenda limelala juu ya mabati
na halina nia ya kuamka.

Mama akalitazama bakuli.
"Nani amefariki,
hadi tunakula bila moto?"
Nikacheka. Yeye hakucheka, kisha akacheka,
akashika shavu.

Huyu ndiye Turfosa, ambaye sala yake ya mezani
ilianzia Asembo ikaizunguka dunia:
wafungwa wa Kodiaga, wajane, madereva wa usiku,
ng'ombe wa Ogweno aliyekataa kusimama,
chifu, apewe akili,
na sisi watano, jicho moja wazi,
tukitazama mchuzi ukivaa ngozi,
ugali ukiota gamba.
"Mama, chakula kinapoa."
"Mungu hapoi," akajibu, akafungua upya.

Niliacha kusali nikiwa na miaka kumi na tisa.
Sikugombana na mtu. Nilikuwa na njaa tu,
nikaanza kula kabla ya amina.

Leo nimempikia kitu kisichoweza kupoa.
Sali, Mama, nikamwambia,
leo una nafasi, zunguka hadi Japani.
Akafumba macho. Nikangoja wafungwa.
Nikamngoja ng'ombe.
Ulimi wake ukagusa kidonda, ukarudi.
"Omba wewe," akasema. "Mimi nitashika kijiko."

Sikuwa na neno. Nikataja nilivyovijua:
matango matatu. Nyanya sita. Hoho moja.
Barafu ya Mama Akeyo. Jiwe la bibi.
Nilipofika kwenye kitunguu sauti ikakatika,
nami nikakisingizia kitunguu.

"Nusu," akanikumbusha.

Kisha akanywa, kijiko kimoja, polepole,
akameza, akangoja, akameza tena.
"Chumvi," akasema.
"Chumvi imepungua. Amina."