Ushanga

Mtaalamu kavaa glavu nyeupe,
kakaa sebuleni kwetu, Mikindani,
kalilaza jambia juu ya taulo.

"Mpini ni jiwe la kijani," asema,
"kichwa cha farasi, shingo imepinda kwa haya.
Tazama bapa: uzi wa dhahabu umezamishwa chumani
jani kwa jani, fundi hakukosea hata tawi.
Kazi ya Uhindini, ya kuvaliwa mbele ya wafalme.
Halijawahi kukata kitu. Ni pambo."

Akaandika. Mimi kimya, namenya muhogo.

"Kasoro: jicho la kushoto.
Yakuti imetoka, wamebandika ushanga."

Wamebandika!
Ni bibi Somoe, aliyempikia Jivanji
miaka kumi na mitatu kwa ahadi,
duka lilipofungwa akalipwa farasi huyu,
chongo.
Akaukata uzi wa kiunoni mwake,
akachomoa chembe moja nyekundu,
akaigandisha kwa utomvu wa mkorosho:
mnyama asiyekuona, alisema, hakuheshimu.

Na bapa hilo la kifalme
likakata bamia, likapara tasi,
likafungua magunia ya ufuta,
na usiku ule mkunga alipokuja mikono mitupu
likachemshwa kwa chumvi
likakata kitovu changu.

Mtaalamu anaomba ruhusa
aung'oe ushanga, bei ipande.

Farasi ananikazia jicho la bibi.
Namwambia mgeni chai yake inapoa,
na jambia anirudishie,
vitunguu bado.