Nywele Zimeota

Baba alikuwa tarishi wa posta mjini Oulu,
miaka ishirini na sita juu ya baiskeli,
hata Januari, theluji ikimfika magotini.
Nyumba za Tuira alizijua kwa namba na kwa mbwa.

Barafu ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.
Aliinuka mwenyewe, akakung'uta suruali,
akamaliza barua za mtaa ule,
akarudi, akaomba kahawa.
Usiku akaanza kumwita mama
kwa jina la mbwa wa namba kumi na nne.

Hospitali walimnyoa upande wa kushoto,
wakatoboa fuvu, wakatoa damu.
Kikombe kizima, alisema daktari Rautio,
kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Za baba zimeota, zimefunika kovu,
na majirani wakimwona dukani husema:
Veli, mbona umepona kabisa!
Naye hutabasamu.
Tabasamu hilo humla mchana wote;
akifika nyumbani hulala gizani,
taulo bichi juu ya macho.

Wao hawajui habari ya vijiko.
Tunakula kwa vya mbao,
maana chuma kikigonga sahani ni msumari kwake.
Siku moja aliirusha sahani ukutani,
kisha akauliza nani ameivunja.
Hakuwa akidanganya.
Mama aliokota vipande, akasema: "Mimi."

Harufu nazo zilikwenda.
Mkate uliungua jikoni, naye ameketi papo hapo
na ukurasa ule ule tangu asubuhi.

Nikamuuliza muuguzi ni nini kilichokatika mle ndani.
Akasema: barua zinaandikwa vizuri,
ila nyingine hazifiki,
nyingine hufika kesho, mlango wa jirani.
Baba akacheka mpaka machozi:
"Basi huyo tarishi afukuzwe!"
Kisha hakucheka tena wiki nzima.

Juzi nilimkuta mlangoni kavaa koti la kazi.
Tukatembea. Namba tisa, akasema, mbwa mweusi, alikufa.
Kumi na moja, mama Hilkka, hapendi bahasha za benki.
Yote sawasawa.
Penye kona akasimama, akanishika mkono wa koti.

Nilikuwa naijua njia.
Nikanyamaza, nikamsubiri,
maji ya theluji yakidondoka kutoka kwenye mabati,
tone, halafu kimya,
halafu tone.