Kikao cha Jumanne, Halifax

Nje theluji. Mezani, mafaili na chai iliyopoa.
Wakili anasema: pasipoti imekwisha muda.
Mhasibu anasema: cheti kiliungua Homs.
Basi tusubiri, washauri wanaitikiana,
kana kwamba subira ni tikiti.

Dougal, aliyezeekea kwenye karakana ya meli,
hajasema neno. Ameivuta picha karibu na pua:
lango la shule huko Zahle,
mshono wa chuma, kazi ya Nizar,
mashine ya kuazima.

Anaufuata kwa ukucha, polepole,
kama asomaye barua ya nduguye.
"Huyu hakutetemeka."

Nami, niliyefika hapa na shahada ya uhandisi
nikaosha vyombo miaka sita,
nachukua kalamu.
Naandika: cheti kimeonekana.