Visogo

Jumanne tulipiga kura kwa migongo.
Hakuna karatasi, hakuna sanduku:
wagombea wawili wamesimama kiwanjani, nyuma ya soko la Mpondwe,
na kila mtu aende nyuma ya wake, mchana kweupe.
Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu. Nilipita na chaki
nikimgusa kila mmoja begani, mmoja, wawili, watatu,
kama mtu anunuaye mbuzi.

Nyuma ya Kambere: mia moja na kumi na wawili.
Mwenye nyumba mbele, wapangaji wake wakimfuata.
Mjane aliyeahidiwa bati.
Vijana wa bodaboda, fulana mpya,
mikunjo ya dukani ingali vifuani.
Na mwalimu ambaye usiku wa Jumatatu
alinieleza kwa saa nzima maana ya katiba.
Nilipomgusa bega, alitazama viatu vyake.

Nyuma ya Katungu, muuza maharage: arobaini na mmoja.
Wengi wao hawana cha kunyang'anywa.

Usiseme ni njaa, wala usiseme hatukusoma.
Tunajua.
Kila nyumba hapa ina barua inayosubiri muhuri:
ya kitambulisho, ya mkopo, ya kumtoa kijana rumande,
na muhuri unalala katika koti la Kambere,
ambaye tulimchagua sisi wenyewe, kwa vigelegele,
auchomoe mfukoni mwa aliyemtangulia.
Akauchomoa.
Akagundua kwamba yeye naye ana mfuko.

Usiku walimjia Katungu kwa mlango wa uani,
mmoja mmoja, bila tochi.
"Moyo wangu ulikuwa nyuma yako, mama."
Akawapa uji. Akawaambia,
"Moyo hauna kisogo. Leo vimehesabiwa visogo."

Jumatano nikaenda nami, barua ya binti yangu mkononi,
ya kuombea nafasi ya uuguzi.
Kambere akautoa muhuri, akaupulizia pumzi mara mbili
maana wino umekauka.
Gurudumu la siku linazunguka.
La mwezi huzunguka likisukumwa kwa ukucha.
La mwaka limekwama
tangu mwaka ule wa vigelegele.
Akagonga. Akaukata mwaka kwa kalamu,
akaandika huu wetu juu yake, kwa mwandiko mzuri,
akanirudishia karatasi. "Ulihesabu vyema," akasema.

Nikasema asante.
Nilipoishika barua, pembeni mwake
vidole vyangu viliacha alama nyeupe.