Koleo

Koleo hili limevunjika meno mawili,
mpini mmoja umeviringishwa mpira wa baiskeli.
Lina namba ya mfalme. Imesuguliwa,
lakini ukiligeuza juani hapa Kaptumo, saa nne asubuhi,
bado inasomeka.
Ndicho kitu pekee baba alichoiba maishani.

Lakini waya ulitangulia.

Ulikuja na reli, ukapita Kibigori,
nguzo kwa nguzo, ukinong'ona bila mdomo.
Babu yangu, arap Sitienei, hakuwa na koleo.
Alikwea mti ule usio na mizizi
akaukata waya kwa sime, usiku, mvua ikinyesha,
na huko Kisumu mtu wa simu akabaki anagonga, anagonga,
kama mgeni mlangoni pa nyumba iliyohamwa.
Mhunzi akaupasha moto, akauzungusha
mkononi mwa msichana aitwaye Tapkigen,
toka kifundo hadi karibu na kiwiko,
mizunguko kumi na tisa:
mahari isiyokula majani.

Bei yake ilifuata baadaye.
Walipanda milima na bunduki inayotema bila kupumua.
Waliandika idadi ya ng'ombe.
Kogo alivuka mto, kahamishwa na wenzake,
mkono mzito kaufutika ndani ya ngozi,
maana askari walikuwa wanaitafuta shaba yao
hata miilini.

Mwanawe Kibitok akachukuliwa na Keya.
Wakamuuliza, unajua kazi gani?
Akasema, kukwea.
Wakampa koleo hili, wakampeleka Bama
kutandaza waya wa simu.
Ndiyo. Mwana wa mkata waya.
Matope kiunoni, ruba kwenye masikio,
akiunga sauti za maofisa
ambao hawakumwambia keti.
Ombajo wa Seme alishika roli upande wa pili.
Siku moja roli likaacha kuzunguka.
Baba akaufuata waya, mkono kwa mkono,
mpaka akamfikia.
Hadithi hiyo aliisimulia mara moja tu, akaikatiza hapo:
"Waya ulikuwa mzima."

Akashuka treni Kibigori na koti,
nishani isiyo na jina,
na baada ya wiki mbili, kipande kipya
chenye vidole vyake vyote kumi.
Malisho ya babu yalikuwa chai tupu,
chai mpaka upeo wa jicho,
imezungukwa na waya wa miiba.
Akaomba kazi.
Wakampa ya kuukaza ule ua.

Kogo alipofariki, mkono ulikuwa umevimba,
shaba imezama kwenye nyama.
Mchungaji akasema ni pambo la kipagani, litolewe.
Wajomba wakasema ni heshima, liachwe.
Mimi nilishika taa, nilikuwa na miaka minane.
Baba hakumjibu yeyote. Aliketi sakafuni,
akauweka mkono wa mama yake pajani,
akatoa koleo mfukoni mwa lile koti.
Kila mzunguko ulipokatika
alisema, taratibu, kama mtu aliyeitwa toka mbali:
"Nakusikia."
Mara kumi na tisa.

Vipande vimo kwenye mkebe wa samli, juu ya kabati.
Nishani tulimpa mtoto achezee,
ikapotelea zizini mwa ndama. Hakuna aliyeitafuta.

Juzi kijana wa mtandao amekuja na ngazi
kuvuta waya mwembamba, mweusi, eti ndani yake
kunapita mwanga.
Koleo lake lilikuwa limebaki Nandi Hills.
Akaniuliza, mama, huna koleo humu ndani?

Nikampa.
Nikasimama chini ya nguzo, jua linaniwaka utosini,
mpaka akamaliza.