Mstari Hafifu, Maseno

Ikweta inapita hapa, mbele kidogo ya geti letu.
Watoto wa shule huiruka huku na huku
wakidai wamekanyaga nusu mbili za dunia.
Mstari ule hakuna aliyeuona, na upo.
Huu wangu ninauona
na sijui kama upo.

Dakika ya kumi na nne.
Tone la damu, matone mawili ya dawa yake,
na ukanda mweupe umeanza kuona haya:
juu, wekundu wa kidhibiti, imara kama wino wa mwalimu;
chini, kivuli. Uzi. Pengine si uzi,
pengine ni macho yangu yaliyoamka saa kumi alfajiri.
Nausogeza dirishani. Nauinamisha.
Namwita Oduk wa duka la dawa: unaona nini?
"Naona unachokiona."
Hilo si jibu, Oduk.

Nyuma ya pazia ameketi Minayo, muuza omena wa Luanda.
Walimpima hemani, kando ya barabara, kijiti kimoja tu,
wakampa neno moja,
na neno likafika nyumbani kabla yake.
Alikuta sufuria zake zimetangulia nje.

Kijiti hakimjui mdudu.
Kinatafuta askari waliotumwa kumkamata,
na askari wa vita vingine
wakati mwingine huvaa sare inayofanana.
Tena kuna majuma ya mwanzo, kambi bado imelala,
mdudu yumo ndani, amevua viatu,
na kijiti kinasema: pita, hakuna mtu.

Boksi limeandikwa: lisizidi nyuzi thelathini.
Stoo yetu ni mabati. Januari ilisoma thelathini na nane.
Niliandika barua. Nakala ninayo.

Februari wakatuletea mirija kumi isiyo na majina
ili watupime sisi wapimaji.
Nilipata tisa.
Darasani, tisa kwa kumi unapigiwa makofi.
Hapa, yule wa kumi ana watoto.

Kuna hesabu ninayoifanya usiku, bila karatasi:
pima watu elfu, kijiti kiwazushie watano tu.
Penye wagonjwa mia mbili, watano hao ni mchanga kwenye wali.
Penye wagonjwa watano, ni nusu ya sahani.
Kijiti ni kilekile, boksi ni lilelile;
umebadilisha kijiji tu, ukweli umepungua.

Nafungua kijiti cha pili, cha kiwanda kingine.
Dakika kumi na tano. Mstari mmoja. Cheupe chini, kabisa.
Sasa nina mashahidi wawili
na hawajawahi kukutana.

Minayo anauliza: "Kwa hiyo kile kilidanganya?"
Hakisemi, mama. Sisi ndio tunaokisemea.
Namtoa damu ya mkononi, iende maabara kuu Kisumu.
Rudi baada ya siku kumi na nne.
Hahemi kwa furaha, halii.
Anahesabu kwa vidole siku za soko zilizomo.

Daftari lina safu pana ya hasi, safu pana ya chanya,
na kisafu chembamba pembeni
ambacho wakaguzi hawakipendi.
Najaza humo.
Anaomba nakala. Anaomba herufi kubwa,
mume wake haoni vizuri karibu.
Nakata kipande cha karatasi, naandika HAIJABAINIKA.
Neno halikutosha. Likavunjika katikati,
likala mistari miwili.